Kununua nyumba Lubumbashi: namna ya kuomba mutasio mpaka sertifika itoke kwa jina lako

Mkishasaini na muuzaji mbele ya mashahidi na shefu wa kartie, bado hujawa mwenye nyumba. Sheria ya ardhi ya Kongo ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo ni wa Serikali, na haki ya kuutumia inathibitishwa na karatasi moja: Certificat d'enregistrement, inayotolewa na Konservatere wa hati za ardhi. Kuhamisha jina lililo juu yake ndiyo mutasio. Kazi kubwa inafanyika kabla ya kutoa dola hata moja.

Omba fotokopi ya sertifika, kurasa zote. Tafuta namba ya volume (kitabu) na folio (ukurasa), namba ya parsele (kiwanja), tarehe na ukubwa. Ukubwa unaandikwa hivi: 00 ha 04 a 50 ca. Ari 1 (a) ni mita mraba 100, sentiari 1 (ca) ni mita mraba 1. Kwa hiyo hapo ni mita mraba 450, tuseme 15 kwa 30. Chukua utepe ukapime mwenyewe. Ukikuta ukuta umezunguka 12 kwa 30, mita mraba 90 zimekwenda: ama jirani ameingia, ama kipande kiliuzwa zamani na hakuna aliyekuambia. Na tarehe usiiruke. Sertifika iliyotimiza miaka 2 ni vigumu sana kuivunja, ila ya miezi mitano bado inaweza kufunguliwa kesi. Muuzaji aliyeipata juzi na tayari ana haraka ya kuuza, muulize aliipata kwa nani.

Na hiyo fotokopi, nenda kwa Konservatere wa eneo ambamo nyumba iko. Lubumbashi ina zaidi ya ofisi moja, kwa hiyo uliza kwanza ni ipi inayoshika komine yako. Sertifika hutengenezwa mbili: moja anapewa mwenyewe, pacha wake anabaki katika kitabu cha Konservatere. Ya uongo haina pacha. Andika barua fupi ukiuliza jina lililo kitabuni, kama kuna hipoteka ya benki, na kama kuna mtu aliyeweka zuio. Kopi yako ipigwe muhuri wa kupokelewa. Usimtume komisionere (dalali): yeye analipwa nyumba ikiuzwa, halipwi ikigundulika ina shida. Kisha omba mtu wa Kadastri (ofisi ya wapima ardhi) aje akuonyeshe bone, yaani alama za mipaka, moja moja, majirani wakiona.

Katika cité za zamani kama Kenya, Katuba na Kamalondo utaonyeshwa livret de logeur (kijitabu cha mkaaji), au fishi ya parsele kutoka komine. Karatasi hizo zinaonyesha nani amekaa pale. Hazilingani na sertifika. Mwache muuzaji atafute sertifika kwa jina lake kwanza. Akikataa, bei ishuke kulingana na kazi utakayobaki nayo, na ujue unabeba hatari.

Halafu tazama nani anasaini. Mwenye ndoa hauzi peke yake: sheria ya familia (Code de la famille) inadai makubaliano ya mume na mke, hata kama sertifika ina jina la mmoja. Kama mwenyewe amefariki, watoto ndio warithi wa kwanza, na fungu lao ni robo tatu za urithi. Baba mdogo anayesema "mimi ndiye mkubwa wa familia" haitoshi. Dai karatasi ya likidatere (msimamizi wa urithi) na sahihi ya kila mrithi, pamoja na wale walio Kolwezi au Ubelgiji, ambao watume prokirasio (barua ya kumpa mtu ruhusa asaini kwa niaba yao). Kesi nyingi zinaanza na mtoto mmoja aliyesahauliwa.

Akte (hati) ya mauzo isainiwe mbele ya notere, ofisa anayethibitisha hati. Karatasi ya mkono haimtoshi Konservatere. Bei iandikwe kwa tarakimu na kwa maneno, na iwe ile ya kweli. Watu wanaishusha ili walipe kidogo, lakini huduma ya ardhi hutathmini nyumba yenyewe kabla ya kukata malipo. Na mauzo yakivunjwa, utadai kile kilichoandikwa tu. Pesa zipite benki. Mkubaliane katika akte kwamba sehemu inabaki mpaka sertifika mpya itoke, na kwamba bili za umeme (SNEL) na maji (REGIDESO) hadi siku ya kukabidhi funguo ni za muuzaji.

Dosya ya mutasio ni barua ya kuomba, sertifika ya zamani yenyewe, akte ya notere, vitambulisho vya pande mbili, na uthibitisho wa kodi ya nyumba. Bila sertifika ya asili dosya inakwama, kwa hiyo ipokee siku ile ile ya kusaini. Baada ya tathmini utapewa note de perception, karatasi inayoonyesha kiasi cha kulipa: lipa benki, si mkononi mwa mtu, na utunze bordero (risiti za benki) zote.

Siku ya kuchukua, soma kabla ya kutoka dirishani: nom, postnom na prénom, herufi kwa herufi kama katika kitambulisho chako, namba ya parsele, ari na sentiari. Kosa la herufi moja litakurudisha kwa Konservatere siku utakayotaka kuuza au kuomba mkopo.