Diski ya SATA isiyoonekana kwenye kompyuta ya zamani

Ukifunga diski ya SATA (aina ya kiunganishi cha diski) ya 3 Gb/s (gigabiti 3 kwa sekunde) kwenye ubao mama wenye chipu ya VIA VT8237 au VT8237R na BIOS (programu ya kuwashia kompyuta) isiione, usikimbilie kuitupa. Chipu hizo zinajua 1.5 Gb/s tu, na hushindwa kupatana kasi na diski mpya zaidi. Zima umeme, kisha tafuta pini ndogo kwenye diski, kando ya tundu lake la SATA. Kwenye diski za Western Digital za 3 Gb/s, chomeka jampa (kiunganishi kidogo cha kuunganisha pini mbili) kwenye pini 5 na 6, ili diski ishuke hadi 1.5 Gb/s. Za Seagate, fuata mchoro wa lebo. Usihofie kasi: diski ya sahani zinazozunguka ya enzi hizo haifikishi hata MB 150 kwa sekunde, ambazo ndizo 1.5 Gb/s inazoweza kupitisha.