Kuchunguza uhusiano wa mpapatiko wa atiria na saratani kwa takwimu za jeni

Watu wenye mpapatiko wa atiria, yaani hali ya vyumba vya juu vya moyo kutetemeka bila mpangilio, hugunduliwa kuwa na saratani mara nyingi kuliko wengine, hasa katika miezi ya kwanza baada ya tatizo la moyo kutambuliwa. Hilo pekee halithibitishi kwamba ugonjwa mmoja huleta mwingine. Mgonjwa wa moyo hupimwa sana. Dawa za kuzuia damu kuganda huweza kuufanya uvimbe wa utumbo uliokuwa umejificha uvuje damu, ukagunduliwa. Umri, sigara, pombe na unene huchochea magonjwa yote mawili. Nao upasuaji wa saratani na baadhi ya dawa zake huvuruga mapigo ya moyo.

Jeni hutusaidia kwa sababu hurithiwa kabla ya ugonjwa wowote kuanza. Mwaka 1986 Martijn Katan alipendekeza katika jarida la Lancet kwamba vibadala (aina tofauti) vya jeni ya APOE, inayoathiri kiwango cha kolesteroli, vitumike kuamua kama kolesteroli ndogo husababisha saratani, au saratani ndiyo huishusha kolesteroli. Swali letu lina umbo lile lile: mpapatiko ukiwa unasababisha saratani, vibadala vinavyouongeza vinapaswa kuongeza saratani pia.

Anza kwa kuchagua vibadala vya jeni vinavyoongeza hatari ya mpapatiko. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018, wenye wagonjwa zaidi ya 60,000, ulibainisha maeneo 111 ya jenomu (DNA yote ya mtu), na lenye nguvu zaidi liko karibu na jeni ya PITX2 katika kromosomu ya 4. Chukua vibadala vyenye thamani ya p (uwezekano wa kuona uhusiano kama huo kwa bahati tu) iliyo chini ya 5 × 10⁻⁸, ubakize kimoja tu katika kila kundi linalorithiwa pamoja, na uache kile ambacho takwimu yake ya F (kipimo cha nguvu ya kibadala) haifiki 10. Ili kujua vipi hurithiwa pamoja, tumia sampuli ya watu wa asili ile ile: Mradi wa Jenomu 1000, mkusanyo wa jenomu za watu wa sehemu mbalimbali duniani, una Waluhya wa Webuye, Kenya, lakini hao hawafai kuchujia takwimu za Wazungu, wala Wazungu hawafai kuchujia zetu.

Kisha tafuta athari ya vibadala hivyo hivyo katika takwimu za saratani. Kwa saratani ya matiti kuna utafiti wa mwaka 2017 wenye wagonjwa wapatao 123,000 wa asili ya Ulaya. Epuka takwimu za saratani zilizotoka UK Biobank, hazina kubwa ya data za afya na jeni ya Uingereza, ikiwa zile za moyo nazo zina washiriki wake, kwa kuwa watu wale wale wakiwa pande zote mbili jibu huelemea upande mmoja. Linganisha herufi za jeni moja baada ya nyingine, na uondoe jozi za A/T na C/G ambazo marudio yake yanakaribia nusu, maana hazionyeshi ni uzi upi wa DNA uliosomwa.

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Urefu wa mwili huongeza hatari ya mpapatiko na pia ya saratani kadhaa, hivyo kibadala kinachomrefusha mtu kinaweza kuonekana kana kwamba moyo ndio uliosababisha saratani. Unene huleta utata zaidi: huongeza hatari ya mpapatiko, ilhali jeni za unene wa utu uzima zimehusishwa na hatari ndogo ya saratani ya matiti. Kagua kila kibadala, kisha urudie hesabu ukiingiza urefu na unene kwa pamoja. Ningeamini zaidi uchambuzi wa vibadala 40 vinavyoeleweka kuliko wa 140 visivyokaguliwa.

Katika programu ya takwimu ya R, kifurushi cha TwoSampleMR hufanya hesabu kuu ya wastani wenye uzito, ile ya Egger (inayokagua kama vibadala vinaathiri saratani kwa njia nyingine), na ile ya kuondoa kibadala kimoja kimoja. Mbinu hizi zikipingana, usichague inayokupendeza. Geuza pia swali: je, jeni za saratani huongeza hatari ya mpapatiko?

Unapoandika matokeo, zidisha kadirio la logi kwa 0.693 (logi asilia ya 2) ili lisomeke kama athari ya kuongezeka maradufu kwa uwiano wa uwezekano wa kupata mpapatiko, na ueleze wazi kwamba ni athari ya mwelekeo wa kurithi, si ya kuugua mpapatiko wenyewe.