Mtoto aliezaliwa chini ya gramu 1000, tabia zake akianza kutembea

Kwanza umri. Kama kazaliwa wiki ya 26 ya mimba badala ya 40, basi kawahi wiki 14, yani miezi 3 na kitu, kwahiyo akiwa na miezi 18 we mhesabie 15, mpaka afike miaka 2, achana na mtoto wa jirani.

Sasa makelele. Wengi wao wanachoka haraka na kelele na mataa, ukimpeleka viwanja vya sikukuu nenda mapema alasiri watu hawajajaa, akianza kugeuza uso au kujikunja ndo keshachoka huyo, toka nae pembeni kabla hajalia, na msimpokezane shangazi kwa shangazi (watanuna, wacha wanune). Akipandisha hasira usimchape, kaa nae chini, sauti ya pole, mwambie "umeogopa eeh", anajifunza kutulia kwa kutulizwa. Wenzie aanze na mmoja tu, barazani, wasukumiane mpira.

Ila akifika miezi 18 ya hesabu ile hakutazami usoni, hageuki ukimwita, haonyeshi kitu kwa kidole, mambo ya "atakua tu" hapana, mpeleke kliniki, uwatajie uzito aliozaliwa nao, na masikio yapimwe pia.