Jinsi ya kuona chaneli za potasiamu zikilegeza mshipa wa moyo

Kila mwaka mwanafunzi huniuliza: potasiamu ikitoka nje ya seli kupitia chaneli, yaani vijilango vya utando wake, mshipa unalegeaje? Siku hizi sijibu. Namwambia aje maabara na koti lake, aukute moyo wa nguruwe mezani.

Moyo naufuata machinjioni alfajiri. Zungumza mapema na mkaguzi wa nyama, maana kazi yake ni kuupasua. Uzamishe papo hapo kwenye maji baridi ya Krebs, yaani maji ya chumvi na sukari yanayoiga majimaji ya mwili. Kwa milimoli kwa lita, nachanganya kloridi ya sodiamu 118, kloridi ya potasiamu 4.7, salfeti ya magnesiamu 1.2, fosfeti ya potasiamu 1.2, baikaboneti 25, glukosi 11, na kloridi ya kalsiamu 2.5. Kalsiamu iwe ya mwisho, baada ya kupitisha gesi yenye oksijeni asilimia 95 na kaboni dayoksaidi 5, la sivyo maji yatageuka maziwa. Nimewahi kumwaga ndoo nzima kwa kosa hilo.

Tafuta ateri ya koronari inayoshuka upande wa mbele, ondoa mafuta kwa mkasi mdogo, kata pete za milimita 3. Itundike kila pete kwenye ndoano mbili, moja ikiwa imeunganishwa na kipimo cha mkazo kinachochora mstari, ndani ya kikombe chenye mililita 10 za maji hayo, nyuzi joto 37. Vuta hadi gramu 4, kisha iache saa nzima ukibadilisha maji kila dakika 15. Kanywe chai. Wanaoruka hatua hii ndio hao hao wanaolalamika kuwa mstari hautulii.

Sasa pandisha potasiamu hadi 25, ukipunguza sodiamu kwa kiasi hicho hicho. Pete itajikaza. Mstari ukishakaa sawa, tia levkromakalimu maikromoli 1, dawa ambayo hufungua chaneli za potasiamu zinazozuiwa na ATP, kibeba nishati cha seli. Mstari unashuka. Osha, rudia kwa potasiamu 80, tia dawa ile ile: mshipa haujali.

Hapo toa kikokotoo. Ndani ya seli potasiamu ni kama 140. Zidisha 61 kwa logi ya potasiamu ya nje ukiigawa kwa ya ndani. Jibu ni volti ya utando ambayo potasiamu haisukumwi kuingia wala kutoka. Kwa maji ya kawaida, yenye 5.9, unapata milivolti -84. Kwa 25, -46. Kwa 80, -15. Chaneli za potasiamu zikifunguka, utando huvutwa kuelekea namba hiyo. Karibu na -46 chaneli nyingi zinazoingiza kalsiamu, ambayo ndiyo hukaza msuli, hujifunga na msuli hulegea. Kwenye -15 mlango u wazi, ila hakuna anayesukumwa kutoka, na kalsiamu inaendelea kuingia. Malizia pete hiyo ya 80 kwa papaverini, dawa inayolegeza mshipa kwa njia nyingine, ili asitokee mtu kusema ilikuwa imekufa.

Bado hujathibitisha ni chaneli ipi. Chukua pete nyingine, itie glibenklamaidi maikromoli 10, subiri dakika 20, kisha rudia jaribio la 25. Kulegea kunazuiwa. Ndiyo, ni dawa ile ile ya kisukari. Kwenye kongosho nako inafunga chaneli za jamii hiyo. Haiyeyuki vizuri majini, kwa hiyo tumia kiyeyushi kiitwacho DMSO, na uwe na pete moja yenye DMSO tupu.

Tahadhari moja: pete yako ni bomba kubwa. Bomba la kufungia na kufungulia damu ni vimishipa vidogo ndani ya nyama ya moyo. Moyo ukiwa umetulia tayari huchukua takriban robo tatu ya oksijeni iliyo kwenye damu yake, hivyo ukihitaji zaidi hauna budi kuongezewa damu. Nusukipenyo cha kimishipa kikiongezeka asilimia 20 tu, damu inayopita huongezeka karibu mara mbili, kwa kuwa inafuata nusukipenyo kwa kipeo cha nne. Huko zinashirikiana chaneli za aina kadhaa, zikiwamo zinazoongozwa na volti na zile kubwa zinazoamshwa na kalsiamu, na kuifunga moja si lazima kuzime kazi yote.

Jioni suuza vikombe na mipira kwa ethanoli, si maji peke yake. Glibenklamaidi hung'ang'ania, na pete ya kesho itagoma kulegea bila wewe kujua kwa nini.