Somo: Kuichambua 720,720 bila kikokotoo

Kabla hujashika kalamu, itazame namba yenyewe. 720 imeandikwa mara mbili, kwa hiyo hii ni 720 × 1,000 + 720, yaani 720 × 1,001. Kazi imeshapungua nusu, maana 1,001 = 7 × 11 × 13. Hiyo ikariri. Namba yoyote inayojirudia hivi ina vigawo hivyo vitatu, hata 46,046, ambayo ni 046,046 iliyoacha sifuri yake nyumbani.

Hatua ya 1: vigawo tasa, yaani visivyogawanyika ila kwa 1 na kwa vyenyewe. Igawanye 720 kwa 2 mpaka ikatae: 360, 180, 90, 45. Mara nne. Kisha kwa 3: 15, 5. Imebaki 5, nayo ni tasa.

720,720 = 2⁴ × 3² × 5 × 7 × 11 × 13

Hatua ya 2: idadi ya vigawo. Kila kipeo (ile namba ndogo ya juu) kiongezee 1, kisha zidisha: 5 × 3 × 2 × 2 × 2 × 2 = 240. Wengi hapa huzidisha vipeo vyenyewe, wakapata 8. Kumbuka kigawo kinaweza kubeba 2 mara nne, tatu, mbili, moja, au kisibebe kabisa. Huko kutobeba ndiko kunakoleta ile 1. Wengine huziruka 5, 7, 11 na 13 kwa kuwa hazina kipeo juu. Kipo, ni 1. Hakuna namba ndogo kuliko hii yenye vigawo 240.

Hatua ya 3: jumla ya vigawo. Kwa 2 andika 1+2+4+8+16 = 31; kwa 3 andika 1+3+9 = 13; zilizobaki ni 6, 8, 12 na 14. Zizidishe zote: 3,249,792. Moja yenyewe na 720,720 zimo humo.

MASWALI

– Mwalimu, jumla ya tarakimu ni 18 na 9 inaingia. Mbona 27 inakataa?

– Kanuni ya tarakimu ni ya 3 na 9 tu, kwa sababu 10, 100 na 1,000 zikigawanywa kwa 9 zote zinabakisha 1. Kwa 27, 10 inabaki 10, kanuni imekufa. Tazama vipeo: 27 ni 3³, sisi tuna 3².

– Ni kweli inagawanyika kwa kila namba kuanzia 1 hadi 16?

– Kweli, ndiyo KDS yao (Kigawe Kidogo cha Shirika), yaani namba ndogo kabisa inayogawanyika kwa zote hizo. 16 ndiyo inayodai 2⁴, na 9 inadai 3². Ya kwanza kukataa ni 17: 17 × 42,395 = 720,715, baki 5.

– Niizidishe kwa ngapi ndogo kabisa nipate mraba kamili?

– Vipeo witiri vipo kwenye 5, 7, 11 na 13, basi zidisha kwa 5,005. Utapata 3,607,203,600, na kipeuo chake cha pili ni 60,060.

– Na jozi ya vigawo iliyokaribiana zaidi, ambavyo vikizidishwa vinatoa 720,720?

– Kipeuo cha pili cha 720,720 hakifiki 849. Shuka kutoka hapo, ukiacha kila namba yenye kigawo tasa kigeni au kilichozidi: 848 ina 53, 847 ina 11 mbili, 846 ina 47. Utatua 840, na mwenzake ni 858.