Tumbo likijaa gesi, chemsha mbegu hizi 3

Umekula maharage usiku, tumbo limevimba? Kabla ya kukimbilia vidonge, jaribu hii. Ayurveda, tiba ya kale ya India, husema hapo moto wa tumboni, agni, yaani nguvu ya kusaga chakula, umefifia. Chukua uzile (bizari nyembamba), mbegu kavu za giligilani na shamari, kijiko 1 cha chai kila aina. Chemsha kwenye vikombe 4 vya maji, moto mdogo, kama dakika 10, hadi maji yageuke rangi ya dhahabu. Chuja, unywe ikiwa vuguvugu, kidogo kidogo. Sukari usitie. Mimi hutafuna na shamari zinazobaki kwenye chujio, zimelainika, zina utamu wake. Ila ukiwa na maumivu makali, homa au damu chooni, nenda hospitali siku hiyohiyo.