Ukiwashwa na konyeza: la kufanya kabla hujaondoka pwani

Hapa Unguja wengi tumelelewa na dawa tatu za konyeza: mchanga, maji ya kisima na mkojo. Zote nimeziona zikitumika pwani ya Matemwe, ninakochukua watu kwenda kuogelea Mnemba, na sijaona hata moja iliyomsaidia mtu. Konyeza ni mnyama wa baharini aliye laini kama jeli, na wengine humwita yavuyavu. Kwa jina lolote, ukielewa sumu yake inavyoingia mwilini hutahitaji kukariri hatua hizi.

Minyiri ya konyeza, yaani zile nyuzi zinazoning'inia mwilini mwake, imejaa vifuko vidogo mno, na ndani ya kila kifuko mna sumu na uzi uliojikunja wenye ncha kama chusa. Kikiguswa hufyatuka. Watafiti wa Ujerumani walipima kasi hiyo kwa hidra, jamaa yake mdogo wa maji baridi, na mwaka 2006 wakaeleza kwamba ncha huchomoza kwa nanosekunde 700, yaani chini ya sehemu moja ya milioni ya sekunde. Hakuna mkono wa kuiwahi. Lakini mnyiri ukinasa kwenye ngozi, vifuko vingi huwa bado havijafyatuka, na sumu iliyomo humo ndiyo tunayoizuia. Ndiyo maana pia konyeza aliyekufa mchangani bado huwasha. Waambieni watoto wasimchezee.

Hatua ya 1. Mtoe mtu majini, akae chini, asijikune. Maumivu makali humfanya mtu apapatike, na kuzama kunaua upesi kuliko sumu. Wakati wa bamvua, dada zetu wa mwani wa Paje na Jambiani huwa mbali na ufukwe maji yanapoanza kujaa. Aliyewashwa asirudi nchi kavu peke yake.

Hatua ya 2. Suuza kwa maji ya bahari. Si ya kisima, si ya chupa. Kifuko kilichozoea chumvi kikikutana na maji yasiyo na chumvi hufyatuka, na hapo unamwasha mgonjwa mara ya pili kwa mkono wako mwenyewe. Mkojo una hatari hiyohiyo. Mchanga nao husugua, na kusugua ni kugusa.

Hatua ya 3. Nyanyua vipande vya minyiri kwa kibano. Huna kibano? Vaa glavu au funga mfuko wa plastiki mkononi. Usikwangue kwa kisu wala kadi, na usifunge bendeji ya kubana.

Hatua ya 4. Hapa lazima ujue umewashwa na nani. Konyeza wa umbo la sanduku, mwenye minyiri kwenye pembe zake nne, ndiye wa kuogopwa zaidi, kwani sumu ya baadhi yao hutoboa seli za damu na kuufikia moyo. Kwa huyo mwagia siki nyeupe ya jikoni, mfululizo, si chini ya sekunde 30. Siki haitulizi maumivu. Inazuia vifuko vilivyobaki visifyatuke. Ila kuna yule mwenye puto la buluu linaloelea na nyuzi ndefu chini yake. Huyo si konyeza halisi, ni kundi la viumbe wadogo walioungana, na Australia, wenye uzoefu mkubwa wa mambo haya, hawashauri siki kwake. Ruka hatua hii. Machoni usitie siki kamwe: suuza, kisha nenda hospitali.

Hatua ya 5. Maji ya moto. Hii ndiyo hatua watu wetu huiacha, na ndiyo inayotuliza. Sumu hii ni protini, na joto huivuruga. Loweka sehemu iliyowashwa katika maji ya nyuzi 42 hadi 45 kwa dakika 20 au zaidi. Kipimajoto huna, basi jaribu kwa mkono wako wewe unayehudumia: yawe ya moto unaoweza kuuvumilia bila kuungua. Usimtumie mgonjwa kupima, maana ngozi yake kwa wakati huo haitofautishi joto. Chomboni hubeba themosi mbili, moja ya chai na moja ya kazi hii, kisha nachanganya na maji ya bahari.

Hatua ya 6. Mwangalie. Midomo ikivimba, pumzi ikibana, akitapika au akizimia, msimsubirishe, apelekwe hospitali mara moja. Wapo pia konyeza wadogo sana ambao alama yao ngozini ni hafifu, kisha baada ya kama nusu saa mgongo na tumbo hukaza kwa maumivu na jasho likamtoka. Huyo naye ni wa hospitali.

Mwulize kama amewahi kuwashwa. Mfaransa Charles Richet alianza mwaka 1901 kuchunguza sumu ya yule wa puto la buluu, akaendelea na ya viumbe jamaa zake, akagundua kwamba dozi ndogo ya pili inaweza kumwangusha mnyama aliyestahimili ya kwanza. Kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1913. Kwa hiyo "mimi nimeshazoea" si kinga.

Mistari myekundu huweza kurudi kuwasha siku kadhaa baadaye. Paka krimu ya haidrokotisoni, ya kutuliza mwasho, usikune, na ukiona usaha nenda kituo cha afya.